Si Kila Anayeanguka ni Presha

Mzee akianguka ghafla sokoni au msikitini, jibu hutolewa kabla hajanyanyuliwa: presha. Huyu atasema imeshuka, yule atasema imepanda, na soda italetwa mbio. Hakuna anayemshika mkono kuhesabu mapigo. Imani hii kwamba kila kuzimia ni presha inaua watu, tena inaua hata waliokwisha kufika hospitali.

Moyo una umeme wake. Huanzia chumba cha juu upande wa kulia, ukashuka hadi vyumba vya chini, mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Njia hiyo huchakaa. Ikikatika kabisa, vyumba vya chini hubaki vikijipigia vyenyewe, mara 30 au 40 tu, na pengine husimama sekunde kadhaa. Hapo mtu huanguka bila onyo, hupauka, na anaweza hata kutupa mikono na miguu mpaka majirani waseme ni kifafa, au amepandwa na jini. Moyo ukirudi kupiga, anazinduka na kuuliza kumetokea nini.

Sasa tazameni mtego wenyewe. Moyo unaopiga polepole hupata muda mrefu wa kujaa, kwa hiyo kila pigo husukuma damu nyingi kwa mkupuo. Mashine ya presha inaweza kusoma 180 juu. Wote wanaridhika kwamba walisema kweli. Mgonjwa anaandikiwa dawa ya presha, na ikiwa ni atenolol au propranolol, ambazo hupunguza kasi ya moyo, amepewa kile hasa asichopaswa kukigusa. Na mashine ileile ilikuwa imeonyesha namba ya tatu, chini kabisa: mapigo 34. Hakuna aliyeisoma, wala haikuandikwa kwenye daftari la kliniki.

Sisemi haya kutisha watu. Mwanariadha anaweza kuwa na mapigo 45 na akawa mzima kabisa, na usingizini mapigo hushuka kwa kila mtu. Namba peke yake si ugonjwa. Lakini namba ndogo pamoja na kuzimia, au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, inataka kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, siku hiyohiyo, na daktari wa kupekua kila dawa anayotumia mgonjwa, hata matone ya macho: timolol, inayotiwa kwa ajili ya presha ya macho, huingia kwenye damu na kuufikia moyo. Tezi ya shingo iliyozembea, au potasiamu iliyozidi kwa mwenye figo mbovu, nazo hupunguza mapigo, na zikitibiwa mapigo huweza kurudi.

Njia ya umeme ikishakufa, hakuna kidonge cha kuifufua. Inatakiwa betri ya moyo (pacemaker), inayowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, kwa kawaida kwa ganzi tu, bila kupasua kifua. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa kuwa jamaa husema mzee amekula chumvi nyingi, aachwe apumzike. Laiti wangejua habari za Arne Larsson, Mswidi: alikuwa wa kwanza kupandikizwa betri hiyo, mjini Stockholm mwaka 1958, akiwa na miaka 43. Ya kwanza ilidumu saa chache tu. Akabadilishiwa nyingine na nyingine. Alifariki mwaka 2001 kwa saratani, si kwa moyo, baada ya daktari aliyempasua na mhandisi aliyeiunda betri hiyo kumtangulia wote wawili.

Leo betri hizi zinawekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Bei yake ni mzigo kwa familia nyingi, na bima na serikali lazima zibanwe kuhusu hilo. Lakini zitabanwa kwa hesabu gani, ikiwa wanaohitaji betri hizo tunawazika kila siku kwa jina la presha?