Jembe Limeachiwa Nani?

Hesabu ya watu iliyofanyika nchini mwetu Uganda mwezi Mei 2024 ilionyesha kuwa taifa limefikia watu wapatao milioni 45.9. Wengi waliozisoma takwimu hizo waliitazama Kampala kwanza, wakastaajabu kuona kuwa jiji lenyewe lina watu wapatao milioni 1.8 tu, hali mwaka 2014 lilikuwa na milioni moja na nusu. Wakasema, basi kilio cha vijana kukimbia mashamba kimetiwa chumvi. Sisi twasema walitazama pasipostahili. Aliyetaka kuiona safari ya wanavijiji alipaswa kugeuza shingo kidogo tu, aitazame wilaya ya Wakiso inayolizunguka jiji hilo. Mwaka 2002 Wakiso ilikuwa na watu 907,988. Mwaka 2014 walikaribia milioni mbili. Mwaka 2024 wamepita milioni tatu na laki nne. Huko ndiko waliko watoto wa Teso, wa Busoga, wa Acholi na wa Kigezi, wamepanga vyumba vya mlango mmoja, na kila alfajiri wanateremka mjini kutafuta riziki.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lawahusu nini watu wenye kuvaa sare. Latuhusu sana. Kila jeshi linapotangaza nafasi za kuandikisha askari wapya, viwanja vya wilaya hufurika vijana waliotoka vijijini kabla ya jogoo kuwika, na wengi wao hurudi bila nafasi. Tukiwa chuoni Kabamba tulijionea kuwa katika kombania moja ya makadeti ni wachache mno ambao wazazi wao hawakulea watoto kwa jembe. Tena, tangu Operesheni ya Kuzalisha Mali ianze katika miaka ya 2013 na 2014, maofisa na askari wamepewa jukumu la kuwafikishia wakulima miche na mbegu. Kwa hiyo twazungumza juu ya watu tunaowafahamu kwa sura.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kuhama kutafuta kazi si ugonjwa ulioletwa na vijana wa leo. Serikali ya kikoloni, baada ya kuweka kodi ya kibanda kwa Mkataba wa mwaka 1900, ilihitaji pamba, na baadaye miwa, kutoka Buganda na Busoga. Mikono ilitakiwa. Wilaya za mbali kama West Nile na Kigezi ziliachwa bila zao la maana la biashara kwa muda mrefu, hata mwanamume aliyetaka fedha ya kodi hakuwa na njia ila kutembea kwa miguu hadi mashamba ya Buganda, au hadi mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira. Wengine wa kaskazini walichukuliwa jeshini, katika King's African Rifles. Lakini mtu wa enzi zile alikwenda kwa msimu. Alivuna fedha yake, akalipa kodi, akanunua blanketi na baiskeli, akarudi kabla mvua hazijaanza. Shamba lake lilimngoja.

Leo kijana harudi na mvua. Hapo ndipo penye tofauti yote, na ndipo wachunguzi wengi wa mambo wanapopita haraka mno. Wanahesabu watu waliohama, wala hawahesabu siku walizokosekana. Shamba halihitaji mikono ileile mwaka mzima. Lahitaji mikono mingi kwa majuma machache: wakati wa kulima mvua za Machi zikianza, na zaidi ya hapo wakati wa palizi, pale magugu na mazao yanaposhindana kuota. Nyumba yenye watu wanne wenye nguvu hulima na kupalilia kwa wakati. Wakiondoka wawili, haibaki na nusu ya mavuno kama hesabu za mezani zinavyodhani. Hubaki na pungufu ya hapo, kwa sababu palizi iliyochelewa majuma mawili ni sawa na palizi isiyofanyika.

Tuchukue Teso, kwa kuwa ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi kuliko kwingine. Jembe la kukokotwa na maksai lilifika huko mnamo mwaka 1910 hivi, na watu wa Teso walilipokea kwa moyo mmoja kupita jamii nyingine yoyote ya nchi hii. Kwa maksai wawili na plau, mtu mmoja na mwanawe waliweza kulima kwa siku chache eneo ambalo kwa jembe la mkono lingewachukua majuma. Teso ikawa nchi ya pamba na ya ulezi, na ng'ombe walikuwa ndiyo benki, ndiyo trekta, ndiyo mahari. Kisha ikaja misiba ya miaka ya mwisho ya 1980. Wezi wa mifugo waliokuwa na bunduki waliingia kutoka Karamoja, uasi ukazuka ndani ya Teso yenyewe, na hadi amani iliporejea mapema katika miaka ya 1990, makundi karibu yote ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha. Wakulima waliolima kwa plau kwa vizazi vitatu walirudi kwenye jembe la mkono.

Kijana aliyezaliwa Kumi au Soroti baada ya hapo hakuikimbia kazi ya baba yake, maana kazi hiyo haikuwapo tena. Alichoachiwa ni jembe na mgongo wake. Anayemwita mvivu kijana huyo na asimame yeye mwenyewe siku moja katika udongo mkavu wa Februari, alime robo eka, ndipo azungumze.

Matokeo yake yaonekana hata katika chungu cha jioni. Ulezi, ambao wengine wauita wimbi, ni nafaka yenye adabu zake: wataka udongo uliolainishwa vizuri, wataka palizi ya mkono mche kwa mche, na kuuvuna ni kukata suke moja moja. Muhogo haudai hayo yote. Waweza kuupanda, ukaupalilia kidogo, ukauacha ardhini hata mwaka mzima ukikungoja. Nyumba zilizopungukiwa na mikono zikahamia kwenye muhogo. Hatuudharau muhogo, umewaokoa wengi. Lakini nyumba inayotegemea zao moja imejiweka katika hatari, na Waganda walilijua hilo katika miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato ulipoteketeza muhogo wilaya kwa wilaya, na baadaye michirizi ya kahawia ikafuata. Aliyekuwa na ghala la ulezi alikula. Aliyekuwa na muhogo peke yake alikwenda kuomba.

Huko Acholi na Lango kuhama kulianza kwa amri, si kwa hiari. Vita vya Lord's Resistance Army viliwaingiza raia kambini, na kufikia mwaka 2005 waliokuwa wamehamishwa kaskazini walikadiriwa kuwa watu milioni 1.8. Mapigano yaliposimama kwa makubaliano ya Agosti 2006, wazee walirudi kwenye viwanja vyao vya zamani, wakakata vichaka na kusimamisha nyumba. Vijana wengi waliozaliwa au kukulia kambini walikuwa wamezoea kupata chakula kwa kadi. Hawakuwahi kumfuata baba shambani kujua mpaka wa ardhi uko wapi wala mbegu ya ufuta hupandwa lini. Kwao, Gulu, ambayo tarehe 1 Julai 2020 ilipandishwa kuwa jiji, ilikuwa karibu zaidi na maisha waliyoyajua. Elimu ya shamba haikuandikwa popote. Ikikosa kizazi kimoja cha kuipokea, hukatika. Na pale mpaka unapojulikana kwa wazee watatu tu walio hai, magomvi ya ardhi hayako mbali.

Hata hivyo tusimwage maji yote pamoja. Kusini magharibi, kule Kigezi, watu kuondoka kumekuwa nafuu kwa waliobaki. Milima yake ilijaa zamani; tangu mwaka 1946 serikali ya wakati huo ilianza kuwahamishia wakulima kwenye nchi zenye nafasi, kwa vile vipande vya ardhi vilikuwa vimegawanywa hata mtu akarithi tuta mbili hapa na tuta tatu ng'ambo ya bonde. Mwana wa Kabale anayefungua duka Mbarara anamwachia ndugu yake tuta zile, na fedha anayotuma hununua mbegu za viazi. Basi kule ambako ardhi ni haba na watu ni wengi, mji hupunguza mzigo. Kule ambako ardhi ipo na mikono imepungua, mji huongeza mzigo. Serikali, makanisa na wafadhili wanaohubiri dawa moja kwa nchi nzima wanafanya kazi ya bure.

Fedha inayotumwa nyumbani tumeisikia ikisifiwa sana. Ni kweli huja, na siku hizi huja kwa simu. Hulipa ada ya shule, hulipa dawa, hununua mabati. Ila mara nyingi haimlipi kibarua wa palizi, kwa sababu kibarua mwenyewe kahama. Zaidi ya hayo, kuna fedha inayotembea kinyume, ambayo haisemwi: ile inayotoka kijijini kwenda mjini. Kijana adai fungu lake la ardhi ya ukoo, aliuze, anunue pikipiki ya kubebea abiria. Boda boda, ambayo jina lake lilizaliwa mpakani Busia kwa baiskeli zilizowavusha watu kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, sasa ndiyo ajira ya kwanza inayotajwa na kila mvulana. Pikipiki huchakaa kwa miaka michache. Ardhi iliyouzwa hairudi. Wasichana nao, safari yao haikomei tena Kampala. Maelfu wameendelea hadi Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, hata neno kyeyo, yaani ufagio, limekuwa ndilo jina la kazi hiyo ya ughaibuni.

Wanaobaki ni akina nani? Ni mama, bibi, na watoto. Twakumbuka bibi mmoja wa Serere aliyetupokea kwa heshima tulipofuatana na gari la miche, akatuandalia viti chini ya mwembe, kisha akatuuliza kwa upole ni nani atakayeyachimba mashimo ya miche ile yote. Mumewe alikwisha fariki, wanawe watatu wako Kampala, na alikuwa na wajukuu wanne wa shule ya msingi. Swali lake lina uzito kupita ripoti nyingi. Malalamiko yametolewa hadharani kwamba miche mingi iliyogawiwa nchini ilikauka. Wakalaumiwa waliochelewesha magari, wakalaumiwa wakulima. Ni wachache waliouliza iwapo nyumba iliyopokea miche mia tatu ilikuwa na mtu wa kuchimba mashimo mia tatu.

Huko mjini nako hakuna pepo. Mnamo tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa kando yake. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Kuzunguka lundo hilo waliishi watu waliojipatia riziki kwa kuokota chupa na vyuma. Nao wakulima wa Wakiso, ambao hawakuhama popote, wamehamiwa: mashamba yao ya matoke na kahawa yamekatwa viwanja, na aliyelilisha jiji kwa ndizi sasa ananunua ndizi zilizotoka Mbarara.

Wako wanaosema vijana wapakiwe kwenye malori warudishwe makwao. Jirani zetu wa Tanzania walilijaribu hilo mwaka 1983 kwa kampeni ya Nguvukazi. Wengi waliopelekwa mashambani walirudi Dar es Salaam. Kwetu, Januari 2022 wachuuzi waliondolewa katika barabara za Kampala, nao si wengi waliorudi kulima. Tukiwa askari twajua kazi ya amri, na twajua mpaka wake. Amri yaweza kumfikisha mtu shambani Jumatatu. Haiwezi kumzuia asipande basi Jumatano.

Kinachomrudisha mtu ni bei na chombo. Katika mwaka wa kahawa wa 2023/24 Uganda iliuza nje magunia zaidi ya milioni sita, bei ikiwa nzuri kuliko ilivyozoeleka, na katika wilaya za kahawa watu waliokuwa wameisahau mibuni ya baba zao walionekana tena wakiikata matawi. Hakuna aliyewapakia kwenye lori.

Teso haina kahawa ya kutosha kuifanya kazi hiyo. Ina ardhi, na ina kumbukumbu ya maksai. Tangu Februari 2022 Mpango wa Maendeleo ya Muruka umetengewa shilingi milioni 100 kwa kila muruka kwa mwaka, na nyumba moja yaweza kukopa hadi milioni moja. Mara nyingi fedha hiyo huishia katika kuku na nguruwe wa nyumba moja moja. Twashauri kwamba katika miruka ya Kumi, Ngora, Serere na Katakwi, nyumba tano zilizo jirani ziruhusiwe na zihimizwe kuunganisha mikopo yao wanunue maksai wawili, plau, na chombo cha kupalilia kinachokokotwa na maksai haohao, walime kwa zamu. Chombo hicho cha palizi kisisahaulike. Plau pekee itapanua shamba Machi, na Aprili itamwachia bibi yule wa Serere magugu mengi kuliko aliyokuwa nayo mwanzo.