Mpira usiishie getini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Akikutwa na hatia, mahakama inaweza kumwachia chini ya uangalizi au kumpeleka shule ya maadilisho, na kwa miaka mingi mahakama za Bara zimeitegemea Irambo, iliyoko Mbeya. Popote vijana wanapowekwa pamoja mpira haukosekani, hata kama ni wa makaratasi na kamba. Tunachotaka kusemea leo ni wiki ile kijana anayorudi nyumbani, kwa sababu hapo ndipo mpira unapomponyoka wakati anauhitaji kuliko siku zote.

Basi linaingia stendi ya Mbezi jioni. Kijana wa miaka 17 anashuka na begi mgongoni, anafika mtaani kwao giza linaingia, na jirani anaanza kuanua nguo kwenye kamba. Hakuna aliyemtukana, lakini ameelewa. Asubuhi mama amewahi sokoni, shule haijui imweke darasa gani, na wanaomwita kwa jina na kumchangamkia ni wale wale aliokamatwa nao, kijiwe kile kile.

Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja wa vumbi. Saa kumi jioni timu ya mtaa inafanya mazoezi. Je, kuna mtu yeyote uwanjani hapo aliyeambiwa kwamba kijana huyu anarudi?

Uingereza wamelitazama jambo hili kwa karibu. Mwaka 2018 Profesa Rosie Meek aliikabidhi Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ripoti kuhusu michezo katika magereza ya vijana na ya watu wazima. Serikali ilikubali mapendekezo yake yote isipokuwa moja, la kuruhusu ngumi na michezo ya kujihami. Kabla ya hapo alikuwa amefuatilia akademi za soka na raga katika gereza la vijana la Portland, kusini mwa Uingereza. Mpira ulimvuta kijana aliyekuwa amekataa darasa na ushauri wa kila aina, na akishavutwa, kulikuwa na mtu wa kukaa naye kupanga atalala wapi, atafanya kazi gani na atasoma nini akitoka. Bila mtu huyo, akademi ingekuwa burudani ya kupitishia siku.

Hata kwenye ngumi somo ni hilo hilo: bondia Mike Tyson alipokuwa na miaka 13 alikuwa katika kituo cha watoto wakosaji jimbo la New York. Mfanyakazi wa kituo hicho, Bobby Stewart, bondia mstaafu, alikubali kumfundisha ngumi kwa sharti kwamba atulie na asome. Kisha akampeleka kwa kocha Cus D'Amato, aliyemchukua akaishi nyumbani kwake. D'Amato alifariki mwaka 1985. Mwaka uliofuata Tyson akawa bingwa wa dunia, na mwaka 1992 akafungwa kwa ubakaji. Hatusemi kifo cha mlezi ndicho kilichomfikisha huko; kosa ni lake. Tunachosema ni kwamba ngumi zilibaki nzito vile vile, mkanda aliupata, na havikumzuia.

Kwa hiyo tunaziomba ofisi za ustawi wa jamii zianze mapema. Mwezi mmoja kabla kijana hajatoka, afisa ampigie simu kocha wa timu ya mtaa anakorudi. Cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe RITA, wakala wa usajili, akiwa bado ndani, maana ligi za vijana hudai uthibitisho wa umri, na wengi wa watoto hawa hawana karatasi yoyote. Akitoka bila cheti atafanya mazoezi miezi miwili, siku ya usajili ataambiwa akae pembeni, na hatutamwona tena uwanjani.

Irambo haiko chini ya Magereza, tunalijua hilo. Lakini Tanzania Prisons, timu ya jeshi hilo, Wajelajela wenyewe, maskani yao ni Mbeya hiyo hiyo. Klabu yenye jina hilo ikiwafungulia vijana hao mazoezi yake, na ikiwaandikia barua ya utambulisho kwa timu za kwao, itakuwa imewafanyia jambo ambalo wizara haiwezi kuwafanyia.

Wapo watakaouliza: na aliyeibiwa simu? Ana haki ya kukasirika, na asilazimishwe kumpigia makofi mtu aliyemkaba. Lakini hata yeye yuko salama zaidi kijana akionekana uwanjani kila jioni, mbele ya macho ya watu, kuliko akiwa hajulikani aliko. Timu ina ratiba. Asipotokea Jumanne, Jumatano mtu anakwenda kugonga mlango na kuuliza kulikoni. Ulinzi wa namna hiyo hatuwezi kuununua kwa bajeti yoyote ya polisi.

Makocha wa mchangani hawalipwi, na wengi wananunua mipira kwa fedha zao. Halmashauri zinazotenga fedha za michezo ziwafikirie kwanza hao, kabla ya makombe ya siku mbili yenye majina ya viongozi. Wanajua kazi hii bila kufundishwa. Kila timu ya mtaa ina mfuko wa jezi, na anayekabidhiwa mfuko huo huwa ni mtu anayeaminiwa, kwa sababu jezi zikipotea hakuna mechi. Kocha mwenye busara hamhubirii kijana aliyetoka kurudi. Mazoezi yakiisha anamtupia mfuko na noti ya sabuni: "Dogo, hizi nenda nazo kwenu. Jumapili zije zimefuliwa."