Trekta Haliwaki? Tazama Betri Kwanza



Mvua ya kwanza imenyesha. Udongo umelainika. Dereva anazungusha ufunguo, lakini trekta liko kimya. Watu wanakusanyika. Mmoja anasema, "Stata imekufa." Hapo ndipo hasara inapoanza.

Mtu huyo niliwahi kuwa mimi. Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, tulifungua stata tukaipeleka mjini kwa basi. Fundi aliipima, akasema ni nzima. Tuliporudi ndipo tulipoona kichwa kimoja cha betri kimefunikwa na unga mweupe. Tulikisafisha, tukafunga stata yetu, trekta likawaka. Siku nne za kulima zilikuwa zimepotea.

Kwa hiyo usifungue kitu bado. Weka gia huru, funga breki, kisha washa taa kubwa. Mtu mmoja asimame pembeni azitazame. Wewe zungusha ufunguo.

Je, taa zimefifia sana au zimezimika? Basi umeme hautoshi. Huenda betri imeisha chaji, au vichwa vyake vimelegea au vimeshika kutu. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ni dalili hiyo hiyo. Fungua kwanza waya unaokwenda kwenye chuma cha trekta, ndipo ufungue ule mwingine. Sugua vichwa na vibano mpaka ving'ae. Kaza, kisha paka grisi. Waya uliofunguliwa kwanza ufungwe mwisho. Tazama pia pale waya huo ulipofungwa kwenye chuma. Wengi hawafiki huko. Usiwashe kiberiti karibu, maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Je, taa hazikufifia, na hukusikia sauti yoyote? Umeme upo, ila haufiki kwenye stata. Kagua swichi na nyaya. Matrekta mengine hayawaki mpaka ukanyage klachi. Hata madereva wa siku nyingi husahau hilo!

Ukisikia "ta!" moja tu, na taa bado zina nguvu, sasa mwite fundi wa stata.

Kuna madereva wanaosimama chini, mbele ya gurudumu kubwa, wakaunganisha vyuma vya stata kwa bisibisi. Kama gia imeingia, trekta litaondoka na kumkanyaga aliyesimama hapo. Ukimwona kijana wako anafanya hivyo, mnyang'anye bisibisi hiyo.