Nishani ya heshima inapogeuka tusi

NISHANI hutolewa ili kumtukuza anayeivaa. Lakini mnamo Juni 2020, Gavana Mkuu wa Jamaica, Sir Patrick Allen, alitangaza kwamba amesitisha kuivaa nishani aliyotunukiwa na Malkia Elizabeth II, na akaomba mchoro wake ubadilishwe.

Kilichozua utata ni picha ndogo iliyo katikati ya Nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George. Malaika mweupe, upanga mkononi, alionyeshwa akimkanyaga shetani aliyetiwa rangi nyeusi. Majuma machache awali, Mei 25, George Floyd alikuwa ameuawa mjini Minneapolis, Marekani, chini ya goti la polisi mzungu. Maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kutaka picha hiyo iondolewe.

Waliotetea mchoro huo hutaja Biblia, ambapo kitabu cha Ufunuo kinasimulia jinsi Mikaeli alivyomshinda Ibilisi. Hoja hiyo ina uzito, ila haijibu suala la rangi. Biblia haikutaja ngozi ya shetani. Guido Reni, mchoraji wa Italia aliyechora kisa hicho hicho katika karne ya 17, alimpa shetani sura ya Mzungu. Nishani za kale zilitengenezwa kwa dhahabu, na mafundi walitandaza juu yake unga wa kioo wenye rangi na kuuyeyusha motoni. Rangi haiji yenyewe; kuna aliyeichagua.

Ikumbukwe kuwa nishani hii ilianzishwa mwaka wa 1818 kwa ajili ya Malta na visiwa vya Ionia, vilivyokuwa chini ya Uingereza. Baadaye ikawa tuzo ya mabalozi na magavana wa makoloni. Miongoni mwa waliopewa daraja lake la juu kabisa ni Sir Evelyn Baring, gavana aliyetangaza hali ya hatari nchini Kenya mnamo Oktoba 1952. Maelfu ya Waafrika walizuiliwa kambini, na wengi wakateswa.

Mnamo 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahasiriwa 5,228. Kwa hivyo, Uingereza yenyewe ilikiri kwamba mateso yalitendeka wakati wa utawala wa mtu ambaye ilikuwa imempamba kwa dhahabu.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Kumbadilisha shetani rangi ni kazi ya fundi mmoja. Kazi ngumu ni kueleza waziwazi, katika majumba ya makumbusho na minadani ambako nishani hizo za kale huishia, ni huduma gani iliyolipwa kwazo, na ni nani aliyeumia. Pasipo maelezo hayo, vito hivyo vitaendelea kusimulia upande mmoja tu wa historia.

Wahenga walisema, mtenda husahau, mtendewa hasahau.