Kaburi Tupu au Maneno Matupu?

Neno moja likitumiwa na watu wawili kwa maana mbili, watu hao waweza kuketi pamoja miaka mingi wakidhani wameafikiana, kumbe hawajapata kuafikiana hata siku moja. Ndivyo lilivyo neno ufufuo. Mkristo mmoja asemapo kwamba Yesu alifufuka, maana yake ni kuwa yule aliyesulubiwa na kuzikwa alitoka katika mauti, yu hai, wala hafi tena. Mwingine hutamka maneno yale yale, lakini moyoni akusudia kwamba Yesu alikufa akabaki katika wafu kama mtu ye yote, ila mafundisho yake yalidumu na wafuasi wake wakapata nguvu mpya. Wote wawili huimba wimbo mmoja siku ya Pasaka. Je, imani yao ni moja? Nasema si moja. Nami nakuomba, msomaji, uzipime sababu zangu kabla hujazikubali au kuzikataa.

Kwanza tuweke mipaka ya hoja, tusije tukabishana na kivuli. Sisemi kwamba Mkristo hana budi kujua jinsi ufufuo ulivyotendeka. Hakuna Injili hata moja katika zile nne inayosimulia dakika ile yenyewe. Zote hueleza lililoonekana baadaye. Wala sisemi kwamba Yesu alirudi kama Lazaro, aliyerudishwa katika maisha haya haya ili afe tena siku nyingine. Paulo, alipowaandikia Wakorintho kiasi cha mwaka 54 baada ya kuzaliwa Kristo, alitumia mfano wa mbegu: kinachozikwa ardhini si sawa na kinachochipuka, lakini mche haukutoka penginepo ila katika mbegu ile ile. Kila aliyepata kupanda mahindi aufahamu mfano huo.

Wala sisemi kwamba Injili zapatana katika kila jambo dogo. Marko ataja wanawake watatu waliokwenda kaburini, Mathayo ataja wawili, na Yohana humtaja kwa jina Mariamu Magdalene peke yake. Jambo hili si la kuficha. Hakimu mwenye busara ajua kwamba mashahidi wakweli hutofautiana katika madogo, na kwamba wanaolingana neno kwa neno ndio hushukiwa kuwa wamepanga. Mwalimu wa dini anayemkaripia mwanafunzi kwa kuziona tofauti hizo amkaripia kwa kosa la kusoma. Hoja yangu ni moja tu: imani ya Kikristo yadai kwamba kuna jambo lililompata Yesu mwenyewe baada ya kufa kwake, si jambo lililowapata wanafunzi wake peke yao. Ukiliondoa dai hilo, kinachobaki chaweza kuwa kizuri, chaweza kuwa cha adili, lakini si imani ile waliyoihubiri mitume.

Wanaopinga si wajinga, wala si maadui wa dini. Mkubwa wao katika karne iliyopita alikuwa Rudolf Bultmann, profesa wa Agano Jipya huko Marburg, Ujerumani. Katika mhadhara wake mashuhuri wa mwaka 1941 alisema kwamba mtu wa leo, atumiaye taa za umeme na redio, na kwenda hospitali augu­apo, hawezi wakati huo huo kuuamini ulimwengu wa pepo na miujiza wa watu wa kale. Kwake yeye, ufufuo haukuwa tukio lililompata Yesu kaburini, bali kuzaliwa kwa imani katika mioyo ya wanafunzi. Huko Marekani Askofu John Shelby Spong alitoa kitabu mwaka 1994 kilichoyapeleka mawazo ya namna hiyo kwa watu wa kawaida. Nia yao ilikuwa njema: walitaka kumwokoa mtu aliyesoma asilazimike kuiacha akili yake mlangoni mwa kanisa. Wewe unayesoma kemia asubuhi na dini alasiri waweza kuona kwamba watu hawa wamekutua mzigo. Lakini tazama walichokipokea na walichokulipa.

Hoja yao ya kwanza ni ya taa za umeme. Yaonekana kuwa na nguvu, lakini ndani yake mna dharau kwa watu wa kale. Je, mvuvi wa Galilaya alihitaji umeme ili ajue kwamba maiti haiamki? Alijua kuliko sisi, kwa maana yeye aliwaosha wafu wake kwa mikono yake na kuwazika siku ile ile. Wanawake walikwenda kaburini na manukato ya kupaka maiti. Hawakwenda kumlaki mtu aliye hai. Tomaso aliposikia habari alikataa katakata mpaka aone na kugusa. Watu hao hawakuamini kwa kuwa hawakuijua desturi ya mauti. Waliijua, nao walisema kwamba safari hii desturi imevunjwa. Sayansi hutufundisha mwenendo wa maumbile, nayo hufanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini kusema kwamba Muumba wa maumbile hakupata kamwe, wala hawezi, kutenda lililo nje ya mwenendo huo, si neno la maabara. Ni neno la falsafa, na falsafa yaweza kubishiwa kwa falsafa.

Hoja ya pili ni kwamba mitume wenyewe walisema kwa mafumbo. Hasha! Soma habari za Paulo mjini Athene katika Matendo ya Mitume. Wenyeji wa mji ule walikuwa wasikivu, wapenzi wa elimu mpya. Kusikia kwamba roho ya mtu mwema haifi kusingewashangaza, kwa maana Plato alikwisha kulifundisha jambo hilo zaidi ya miaka mia nne kabla. Kusikia kwamba mafundisho ya mwalimu hudumu baada yake kusingewachekesha, kwa maana wao wenyewe walikuwa wakiyahifadhi mafundisho ya Sokrates. Lakini Paulo alipotaja ufufuo wa wafu, wengine walidhihaki. Walidhihaki kwa sababu walielewa. Laiti Paulo angalikusudia fumbo, angaliwatuliza kwa sentensi moja na kupata wanafunzi wengi. Hakufanya hivyo. Na katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho aliwataja mashahidi: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa wangali hai, Yakobo, na mwishowe yeye mwenyewe. Fumbo halihitaji mashahidi. Hakuna atajaye majina ya walioiona hadithi ya sungura na fisi ikitendeka. Kisha Paulo akasema bila kuficha kwamba ikiwa Kristo hakufufuka, mahubiri yake ni bure na imani ya wasikiaji wake ni bure. Mtu aweza kusema kwamba Paulo alikosea. Hawezi kusema kwa haki kwamba Paulo hakukusudia alichosema.

Hoja ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote. Wasema: Yesu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Msamaria Mwema huenda hakuwako duniani, lakini habari yake ni ya kweli, nayo imewafanya wengi kuwa wema. Kwa nini basi ufufuo nao usiwe wa kweli kwa namna hiyo? Nitajibu kwa mfano ulio karibu nawe. Hadithi ya tajiri mkarimu yaweza kukufundisha ukarimu hata kama tajiri huyo hakupata kuzaliwa. Lakini tajiri huyo hawezi kukulipia karo ya shule. Mafundisho ya mwenendo hayamhitaji mtendaji; ahadi yamhitaji. Habari ya Msamaria hutuambia tufanye nini. Habari ya ufufuo hutuambia kwamba Mungu amefanya nini, na kwa hiyo atafanya nini. Ukiifanya ahadi kuwa mfano, hujaieleza, umeifuta.

Na ahadi hii si ya watu wa vyuo vikuu peke yao. Kila juma katika nchi yetu watu husimama kando ya makaburi, na mchungaji hutamka maneno ya tumaini juu ya jeneza. Mama aliyefiwa ayasikia kama yalivyo: kwamba mwanawe hakupotea milele. Ikiwa mchungaji ayatamka hali akijua moyoni kwamba maana yake ni kumbukumbu tu, basi amempa mama yule sarafu ya bandia, naye amempa saa ile ambayo hawezi kuikagua.

Tena, ikiwa ufufuo ni kukumbukwa tu, wazee wetu walikuwa na hazina hiyo kabla ya mmisionari wa kwanza kutia mguu pwani. Profesa John Mbiti, mwana wa Ukambani aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy. Alionyesha jinsi marehemu anavyohesabiwa kuwa hai kwa namna fulani maadamu wako waliomjua na kumtaja kwa jina. Na wa mwisho wao afapo, marehemu huyo huzama katika zamani isiyo na majina. Ni wazo lenye heshima, lakini lina mwisho. Nani kati yetu awezaye kumtaja babu wa babu wa babu yake? Na je, wasio na wa kuwakumbuka? Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wakichukua mizigo ya majeshi ya wageni. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi ulipata jina lake kwa kikosi chao, lakini majina ya wengi wao hayakuandikwa juu ya kaburi lo lote. Ufufuo wa kumbukumbu hauna neno la kuwaambia watu hao. Ni ufufuo wa wenye sanamu na wenye vitabu. Habari ya mtu aliyeuawa kifo cha mtumwa, naye Mungu akamwinua, ndiyo peke yake iliyo na neno kwao, ikiwa ni kweli.

Hapo mtu ataniuliza: Je, wamhukumu Albert Schweitzer? Katika kitabu chake cha mwaka 1906 alimweleza Yesu kama mtu aliyekufa akiungojea Ufalme usiofika. Hata hivyo mwaka 1913 alikwenda Lambaréné, katika nchi ya Gabon, akawatibu wagonjwa kwa miaka mingi. Je, hakuwa bora kuliko wengi wanaoikiri imani kwa midomo na kuiba sadaka? Simhukumu. Wema wake ni wema. Lakini swali letu si nani aliye mwema. Swali letu ni imani ya Kikristo yasema nini. Mtu aweza kuwa jirani mwema kuliko mimi na bado tukatofautiana juu ya neno lililo kweli. Wala kuliamini tukio peke yake hakumfanyi mtu kuwa Mkristo. Pinchas Lapide, mwanachuoni wa Kiyahudi, alikubali kwamba Mungu alimfufua Yesu kweli, naye akabaki katika dini ya baba zake. Basi kuamini ufufuo si nyumba nzima; lakini ni msingi, na nyumba haikai bila msingi.

Sijakuthibitishia, msomaji, kwamba Yesu alifufuka. Hiyo ni kazi nyingine, nawe una haki ya kuifanya kwa akili yako yote. Ninalokataa ni njia ya katikati isiyokuwa njia. Gerd Lüdemann, profesa wa Göttingen, aliamua baada ya uchunguzi wake kwamba mwili wa Yesu ulioza kaburini. Na mwaka 1998 alitangaza wazi kwamba yeye si Mkristo tena. Naona alikosea katika uamuzi wake, lakini namheshimu, kwa kuwa hakuliiba neno akaliacha ganda lake madhabahuni. Alisema analoliamini, na watu wakajua wanabishana naye juu ya nini.

Na wewe mwenye shaka, usidhani nakufukuza. Tomaso alikaa siku nane kati ya wenzake waliokwisha kuamini, naye hakuamini, hawakumtoa nje. Lakini pia hawakumwambia, “Basi, Tomaso, liamini kama fumbo ili upate raha.” Walimwacha na shaka yake nzima, nao wakabaki na habari yao nzima. Huo ndio ujirani wa watu wakweli. Kanisa lina nafasi kwa mtu asemaye, “Siwezi kuamini bado.” Halina faida kwa mtu asemaye, “Naamini,” hali amelibadili jambo linaloaminiwa.

Kwa hiyo siku utakapoulizwa darasani au kanisani kama Yesu alifufuka, jibu ndiyo, au jibu hapana, au jibu kwamba bado wachunguza. Majibu yote matatu ni ya mtu mwenye heshima. Usijibu ndiyo ukikusudia hapana. Kaburi lile ama lilikuwa tupu, ama halikuwa tupu. Na kama halikuwa tupu, basi yaliyo matupu ni maneno yetu.