Koliye ya tiyo ilipiwe na mwenye gari, si abiria

Kwenye mpando wa Ngomo, barabara ya kutoka Uvira kuelekea Bukavu, gari ikisimama na mvuke ukitoka chini ya kiti cha mbele, hakuna anayeshangaa tena. Abiria wanashuka na watoto, konvoyeri anakimbia na bidoni, shofa anatafuta kitambaa. Halafu mmoja anasema: gari imezeeka. Lakini mara nyingi injini ingali nzima. Kilichoachia ni tiyo ya mpira inayopitisha maji ya radiateri, ao koliye, ule mkanda mdogo wa chuma unaoikaza. Bei ya koliye haifiki nauli ya mtu mmoja.

Njia hii haisamehe. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 juu ya bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Hiace ya zamani iliyojaa watu, na magodoro, masufuria na magunia juu yake, inapanda kwa mwendo mdogo, injini inavuta sana na upepo ni haba kwenye radiateri. Tena kuna jambo ambalo mama yeyote anayepika maharagwe Bukavu analijua bila kufundishwa: huko juu maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 95 hivi, na maharagwe yanakawia kuiva. Kwenye gari, kifuniko cha radiateri kinafunga presha ndani ili maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Tiyo ikivuja, presha inatoka, na maji yanachemka kama ya sufuria isiyofunikwa. Kwa hiyo matone yanayoonekana chini ya gari pale parking ya Uvira si ya kudharau.

Kiti kikiinuliwa, mengi yanaonekana. Pahali pa koliye pamefungwa kipande cha mpira wa ndani ya gurudumu, ao waya. Makanika hawakosi akili. Wanajua kwamba mpira huo unalegea ukipata moto, na kwamba waya unakata tiyo polepole. Wanafunga hivyo kwa sababu shofa amekuja na pesa kidogo. Na shofa ana kidogo kwa sababu jioni lazima apeleke versema, ile pesa ya kila siku ambayo mwenye gari anaidai, gari itembee ao ilale. Mwenye gari anayehesabu versema kila usiku lakini hajanunua tiyo moja ya akiba mwaka mzima, yeye ndiye anayepeleka watu Ngomo na waya. Shofa ana kosa pia, lakini la kwake ni dogo.

Kazi yenyewe si kubwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, tiyo inaminywa kwa vidole. Ikiwa laini kupita kiasi, imevimba karibu na koliye, imekauka na kupasuka, ao imelowa mafuta, inabadilishwa, haifungwi kamba. Koliye inakaa nyuma ya kile kivimbe kwenye mdomo wa bomba, si juu yake, na haikazwi mpaka ikate mpira. Tiyo mpya ikishapata moto mara ya kwanza na kupoa, koliye inakazwa tena. Baadhi ya Hiace zilizotoka Japani zina pia tiyo ndefu za kupasha joto nyuma, zinazopita chini ya gari na kupigwa mawe. Joto hilo, katika bonde la Ruzizi, nani amewahi kuliomba?

Kuna mashofa wanaofungua kifuniko injini ikiwa bado inachemka, kwa sababu abiria wanalalamika. Maji hayo yanaruka na kuunguza uso na mikono, na watoto mara nyingi ndio wanaosogea kutazama. Kumwaga maji baridi ndani ya injini yenye moto kunaweza kupasua ao kupinda kichwa chake, ile makanika wanaita kilasi, na hapo gari imekwisha kweli. Na mshale wa joto usiaminiwe peke yake: maji yakiisha kabisa, unaweza kushuka, shofa akafurahi bure.

Wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita. Nauli yao wakati mwingine ni bei ya mbuzi wa mwisho. Gari ikifa mlimani, nauli hairudi, na bidoni ya maji ya watoto ndiyo ya kwanza kuombwa kwa ajili ya radiateri. Mama akikataa, anaonekana mtu mbaya. Giza likiingia hapo Ngomo, kila mtu anajua kinachoogopwa.

Kwenye vizuizi vya barabara wanaulizwa karatasi. Chini ya kiti hakuna anayetazama. Vyama vya mashofa vinavyokata pesa kwa kila gari inayotoka parking vingeweza kununua sanduku la koliye za ukubwa mbalimbali, na kiti kingeinuliwa mbele ya abiria kabla nauli haijapokelewa. Anayeuliza asifukuzwe kama mchokozi. Na mwenye gari asiyetaka kulipia koliye, gari yake ingoje nyuma ya foleni mpaka alipe.