Programu za forodha zikihamishwa, mfanyabiashara asibebe hasara

Mzigo wa mfanyabiashara wa Gasenyi, Bujumbura, ukishushwa Dar es Salaam, taarifa zake hupita katika mifumo ya nchi mbili. Burundi inatumia ASYCUDA World. Tanzania iliachana na ASYCUDA++ mwaka 2014 na kuhamia TANCIS. Kila mamlaka inapobadili mfumo, mtu wa kwanza kuona kasoro huwa mwenye mzigo.

Kuhamisha programu kwenda mfumo endeshi mpya si kunakili mafaili tu. Kanuni za hesabu, misimbo ya bidhaa na viwango vya kubadilisha fedha lazima vitoe jibu lilelile la awali. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa ya asilimia 25 ikisomwa kuwa ya 35, shehena ya dola 10,000 inaongezewa ushuru wa dola 1,000. Faida yote ya safari inaweza kuishia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kuzima mfumo wa zamani, mamlaka zipitishe nyaraka zilezile katika mifumo yote miwili, zilinganishe majibu na kutangaza tarehe mapema. Mtandao wa forodha ukikwama, tozo za ghala kwa siku hizo zifutwe.

Mfanyabiashara naye atunze nakala za tathmini za zamani. Bila nakala hizo, hana cha kulinganisha anapodai haki yake.